Shahidi Alikuwa Amesimama Wapi?

Februari 1987, katika ukumbi wa Jerusalem uliogeuzwa mahakama, mzee mmoja aliyetoka hai Treblinka, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, aliomba mshitakiwa avue miwani. Alishuka kizimbani, akamsogelea, akamtazama machoni, kisha akasema ndiye, hana chembe ya shaka. Aliyemkusudia ni mlinzi ambaye wafungwa walimbandika jina la Ivan wa Kutisha: mtu aliyewasha injini ya vyumba vya gesi, akiwapiga kwa bomba la chuma na kuwakata kwa upanga watu waliokuwa uchi wakisukumwa kwenda kufa. Aliyeketi mbele yake ni John Demjanjuk, Mkraine aliyehamia Marekani na kufanya kazi katika kiwanda cha magari huko Ohio. Manusura watano wa Treblinka walimtambua. Aprili 1988 akahukumiwa kifo.

Julai 1993 Mahakama ya Juu ya Israel ilimfutia hukumu hiyo. Umoja wa Kisovieti ulikuwa umeanguka, majalada yake yamefunguliwa, na ndani yake mlikuwa na maelezo ya walinzi wenyewe wa Treblinka waliohojiwa miaka mingi nyuma. Walimtaja mwendesha injini kwa jina jingine: Ivan Marchenko. Demjanjuk hakuwa mtu safi. Kitambulisho chake cha kambi ya mafunzo ya Trawniki kilionyesha alipelekwa Sobibor, kambi nyingine ya mauaji, na mwaka 2011 mahakama ya Munich ilimtia hatiani kwa kushiriki mauaji ya watu zaidi ya 28,000 huko. Alikufa mwaka uliofuata kabla rufaa yake haijasikilizwa. Lakini Ivan wa Treblinka hakuwa yeye.

Naanza na kesi hii kwa makusudi, maana huwafurahisha watu wa aina moja na kuwatia hofu watu wa aina nyingine, na wote nadhani wamekosea. Wa kwanza ni wakanushaji wa Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi. Kwao, wazee watano wakikosea uso wa mtu mmoja, basi hata vyumba vya gesi ni hadithi. Wa pili ni watu wema kabisa, wanaoona kwamba kumhoji aliyepoteza mama, baba na wadogo zake kwa siku moja ni kumtonesha kidonda, hivyo neno lake lipokelewe kama lilivyo. Nawaelewa hawa wa pili. Ila ukimpokea shahidi bila kumsikiliza kwa makini, hujamheshimu. Umempapasa mgongo tu.

Tuangalie kilichoharibika Jerusalem. Je, ni habari za Treblinka? Hapana. Stesheni ya uongo iliyojengwa ili abiria wasishtuke, njia iliyozungushiwa uzio kutoka mahali pa kuvua nguo hadi kwenye gesi, moshi wa injini, maiti kufukuliwa na kuchomwa juu ya reli: hayo yote yalisimuliwa pia na Wajerumani waliokuwa kazini pale, katika kesi zao wenyewe huko Düsseldorf miaka ya 1960. Kilichoharibika ni jambo dogo na la pekee. Mwaka 1976 wapelelezi waliwawekea manusura karatasi zenye picha za wanaume, miongoni mwao picha ya Demjanjuk ya maombi ya viza ya mwaka 1951, wakawauliza wanamtambua nani. Uso walioutazama kwa hofu mwaka 1942 na 1943 walitakiwa wautoe kwenye karatasi baada ya miaka zaidi ya 30. Mmoja wao aliwahi kueleza, vita vilipokuwa vimeisha juzi tu, kwamba Ivan aliuawa katika maasi ya wafungwa ya tarehe 2 Agosti 1943. Mwanasaikolojia wa Uholanzi, Willem Wagenaar, aliieleza mahakama jinsi zoezi lile la picha lilivyokiuka taratibu. Hakusikilizwa vya kutosha. Lawama kubwa ni ya wapelelezi, na wazee wale ndio walioachwa kubeba aibu.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ushuhuda wa manusura unaaminika, nitakuomba uligeuze swali. Mtu hatoi ushuhuda mmoja, hutoa mamia ya kauli ndani ya saa moja, na kila kauli ina mahali ilipotoka. Hii aliiona kwa macho yake. Hii aliishika kwa mikono. Hii aliambiwa na mwenzake usiku kitandani. Hii aliisoma gazetini baada ya vita. Hii ni hesabu yake mwenyewe. Waliopitia elimu ya hadithi katika madrasa za pwani wataona hakuna jipya hapa: mpokezi huulizwa amepokea kwa nani, walikutana wapi, na hifadhi yake ikoje, na mtu mwaminifu kabisa anaweza kukataliwa katika pokezi moja na kukubaliwa katika jingine. Swali ni moja tu: alipoyajua haya, alikuwa amesimama wapi?

Mchukue Henryk Tauber. Alikuwa fundi viatu, Myahudi wa Poland, aliyefikishwa Auschwitz Januari 1943 na kutupwa ndani ya Sonderkommando, kikosi cha wafungwa Wayahudi waliolazimishwa kutoa maiti kwenye vyumba vya gesi na kuzichoma. Alitoroka Januari 1945 Wajerumani walipokuwa wakiihamisha kambi. Mei mwaka huohuo, akiwa na umri usiofika miaka 30, alikaa mbele ya hakimu wa Kipoland, Jan Sehn, akaeleza jengo la Tanuri namba 2 kama fundi anayeeleza nyumba aliyoijenga: matanuri matano, kila moja na midomo mitatu, chumba cha chini cha kuvulia nguo chenye benchi na vigingi vya kutundikia, mlango mzito usiopitisha gesi, wenye kitundu cha kuchungulia, na ndani ya chumba cha gesi nguzo nne za wavu wa chuma zilizopanda hadi juu ya paa, mahali SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, walipomimina chembe za sumu ya Zyklon B.

Wajerumani walilipua jengo hilo tarehe 20 Januari 1945. Walichosahau kuchoma ni makaratasi ya ofisi yao ya ujenzi. Sehemu ilibaki Oświęcim, sehemu ikachukuliwa Moscow, na watafiti wengi wa Magharibi hawakuyafikia hadi miaka ya mwisho ya utawala wa Kisovieti na baada yake. Humo ndimo ilimokutwa michoro ya jengo, na hati za makabidhiano za mwaka 1943. Hati ya Tanuri namba 2 inaorodhesha vifaa vinne vya wavu wa chuma vya kuingizia kitu, na vifuniko vinne vya mbao. Ya Tanuri namba 3 inataja mlango mmoja usiopitisha gesi na vichwa 14 vya bomba la mvua, katika chumba ambacho kwenye mchoro kimeandikwa hifadhi ya maiti. Tauber hakuwahi kuziona hati hizo. Mfamasia wa Ufaransa, Jean-Claude Pressac, aliyeanza safari yake akiwa karibu na wakanushaji, alikaa na nyaraka hizi miaka kadhaa na kutoka upande wa pili. Alimhesabu Tauber kuwa mkweli kwa asilimia 95.

Na ile tano? Tauber pia alisema Auschwitz iliua watu milioni nne. Alijumlisha milioni mbili alizozikadiria za kipindi chake na milioni mbili alizoambiwa na waliotangulia. Tume ya Kisovieti ilitangaza idadi hiyohiyo mwaka 1945, ikitumia hesabu ya uwezo wa matanuri, na ikachongwa kwenye mawe ya ukumbusho. Haikuwa kweli. Franciszek Piper, mwanahistoria wa makumbusho ya Auschwitz, alikusanya orodha za treni nchi kwa nchi: watu milioni 1.3 walipelekwa, takriban milioni 1.1 walikufa, na karibu milioni moja kati yao walikuwa Wayahudi. Maandishi ya mawe yakabadilishwa miaka ya 1990.

Wakanushaji wanalishangilia badiliko hilo hadi leo. Mimi naliona kinyume. Mtu anayevuta maiti mlangoni anaujua mlango. Anajua unafungukia upande gani, anajua kitundu kimewekewa wavu kwa sababu walio ndani walikuwa wakivunja kioo. Ila atazijuaje treni zilizofika usiku ambao hakuwa zamu, au mwaka ambao alikuwa hajafika? Tauber alikosea palepale ambapo mtu mkweli aliyesimama aliposimama angekosea. Angekuwa amefundishwa la kusema, makosa yake yasingekuwa na mpangilio huo.

Mpangilio huohuo unarudi Bełżec, kambi nyingine ya mauaji huko Poland, na kule ushahidi wa watu ni mchache kiasi cha kutisha. Wanaojulikana kutoka kambi ile na kuacha ushuhuda baada ya vita ni wawili. Mmoja, Chaim Hirszman, alianza kutoa maelezo yake Lublin tarehe 19 Machi 1946, akaahidi kuendelea kesho yake, akauawa kwa risasi siku hiyohiyo. Wa pili ni Rudolf Reder, mtengeneza sabuni kutoka Lwów, aliyekaa Bełżec tangu Agosti hadi Novemba 1942 na kutoroka alipopelekwa mjini kuchukua mabati na mlinzi wake akasinzia. Reder alikadiria waliouawa kwa mamilioni. Mwaka 2000 ikatambuliwa katika nyaraka za ujasusi za Uingereza simu ya maandishi ya afisa wa SS, Hermann Höfle, iliyonaswa tarehe 11 Januari 1943. Inatoa idadi ya waliofikishwa katika kambi nne hadi mwisho wa 1942, zikitajwa kwa herufi za mwanzo tu. B, yaani Bełżec: 434,508.

Je, tumtupe Reder? Kuna jambo moja aliloling'ang'ania, na lilikuwa likimpinga mtu mzito. Kurt Gerstein, afisa wa SS aliyeitembelea Bełżec Agosti 1942, aliandika kwamba injini ya gesi ilikuwa ya dizeli. Reder alisema ya petroli: kila siku alibeba madumu manne hadi matano na kuyapeleka kwenye chumba cha injini. Huyu mgeni wa siku moja alisikia mngurumo na kuambiwa. Yule mwingine alinuka petroli mikononi miezi minne. Namwamini mbeba madumu, na wanahistoria waliochunguza suala hili siku hizi wanaegemea hukohuko. Mtu huyuhuyu, katika ushuhuda huohuo, hafai hata kidogo kwa jumla ya waliokufa na ni wa thamani kubwa kwa aina ya mafuta.

Nirudi kwenye simu ya Höfle, kwa sababu ina kitu ambacho kila anayewacheka manusura anapaswa kukitazama. Kwa kambi ya T, yaani Treblinka, imeandikwa 71,355. Jumla ya mwisho ni 1,274,166. Zijumlishe kambi nne na hupati hiyo jumla. Utaipata tu ukiweka 713,555: tarakimu moja ilidondoka njiani. Waraka rasmi wa siri wa SS, ulioandikwa kwa kusudi la kuhesabu, ulikosea kwa zaidi ya watu laki sita. Hakuna mwanahistoria aliyesema basi simu hiyo ni ya uongo. Walitafuta kosa liko wapi, wakalieleza, wakaendelea na kazi. Ninachodai ni kwamba mtu apewe adabu ileile tunayoipa karatasi.

Tena karatasi za Wanazi zina ugonjwa ambao manusura hawana: ziliandikwa ili zidanganye. Kumbukumbu za kikao cha Wannsee cha tarehe 20 Januari 1942, ambako vigogo wa Wanazi walijadili maangamizi, zinasema Wayahudi "wanahamishiwa Mashariki". Hati za vifo za Auschwitz zinajaa magonjwa ya moyo na nimonia ya watu waliopigwa risasi au kudungwa sindano ya sumu. Mwaka 1943 mtakwimu wa SS, Richard Korherr, alipoandika katika ripoti yake kwamba Wayahudi wamepata "matendo maalumu", Himmler, mkuu wa SS, aliagiza hata maneno hayo yaondolewe, ingawa yalikuwa tayari ni kitambaa juu ya maiti. Anayesema ataamini nyaraka tu na si watu, amechagua kumwamini muuaji.

Na jiwe nalo hudanganya. Katika mji mdogo wa Jedwabne, Poland, jiwe la ukumbusho lilisimama miaka mingi likisema Gestapo na polisi wa Kijerumani waliwachoma Wayahudi 1,600 hai tarehe 10 Julai 1941. Mnusurika aitwaye Szmul Wasersztajn alieleza tangu mwaka 1945 kwamba waliowafungia Wayahudi ghalani na kuwasha moto ni Wapoland majirani zao. Maelezo yake yalilala kwenye faili hadi mwanahistoria Jan Gross alipoyaweka hadharani mwaka 2000, na nchi ikatikisika. Uchunguzi wa serikali ya Poland ulipomalizika mwaka 2002 ulithibitisha: waliotenda ni wakazi wenyewe, kwa uchochezi wa Wajerumani. Waliouawa hawakuwa 1,600, idadi ambayo Wasersztajn naye aliitaja. Walikuwa wasiopungua 340. Idadi ya shahidi na ya jiwe ilikosea sawasawa. Juu ya nani alishika kiberiti, jiwe lilisema uongo na shahidi alisema kweli.

Kuna mahakama zilizofanya kosa la upande mwingine kabisa, na hili hutajwa mara chache kuliko la Demjanjuk, jambo linalonikera. Walther Becker alikuwa mkuu wa polisi wa Kijerumani mjini Wierzbnik, Poland, geto lilipofagiliwa tarehe 27 Oktoba 1942. Wayahudi karibu 4,000 walipakiwa kwenye treni ya Treblinka siku ile. Wengine waliuawa mitaani. Wenye nguvu wapatao 1,600 walipelekwa kambi za kazi za kiwanda cha silaha cha Starachowice. Manusura walisafiri hadi Hamburg, wakasimama mbele ya majaji, wakasema huyu tulimwona akiamuru na kupiga. Mwaka 1972 mahakama iliuona ushahidi wa macho kuwa kitu dhaifu, ikautupa kipande kimoja baada ya kingine, na Becker akaenda nyumbani huru. Mwanahistoria wa Marekani, Christopher Browning, alipoisoma hukumu hiyo alighadhibika, akaamua kuandika historia ya kambi zile akitegemea hasa wale waliokataliwa.

Alikusanya shuhuda 292, zilizotolewa kwa zaidi ya nusu karne. Alichokiona kimenifundisha zaidi ya kitabu chochote cha sheria. Kiini cha habari hakikutikisika: nani alikuwa mkuu wa kambi lini, homa ya chawa (typhus) ilipoingia nini kilitendeka, nani alipigwa risasi wapi. Lakini baadhi ya mashahidi walikumbuka kwamba walipofika Birkenau, sehemu ya Auschwitz, mwisho wa Julai 1944, daktari Mengele alisimama mbele yao na kuwachagua kwa kidole. Walio wengi wanakumbuka vingine: waliingizwa kambini bila kuchaguliwa. Picha ya Mengele kwenye jukwaa la treni imeonekana katika filamu na vitabu mara nyingi mno, hadi imeingia ndani ya kumbukumbu za watu ambao hawakupita mbele yake. Wala hawadanganyi. Akili ya binadamu haina mlinzi mlangoni wa kuuliza kila picha ilitoka wapi.

Hapo wengi huhitimisha kwamba ushuhuda wa mapema ni bora na wa baadaye umechakaa. Mimi nilidhani hivyo. Ila katika shuhuda za Starachowice kuna mambo ambayo mwaka 1946 hakuna aliyeyatamka na yalitoka vinywani miaka 40 au 50 baadaye: wanawake waliobakwa, wafungwa wenye vyeo kambini walionyongwa na wafungwa wenzao ndani ya behewa, njiani kwenda Auschwitz. Nani angeyasema wakati wazazi wa walionyongwa wapo, au wakati msichana bado anatafuta mume? Ilibidi aibu izeeke kwanza. Basi tarehe ya ushuhuda haikupi jibu moja. Kwa jina, siku na idadi, wa mapema una nguvu. Kwa yale yaliyofichwa kwa staha au kwa woga, huenda bibi wa miaka 80 ndiye wa kwanza kusema kweli.

Mfano unaonishinda kuuacha ni wa bibi mmoja aliyehojiwa katika mradi wa video wa Chuo Kikuu cha Yale. Alikuwa Auschwitz tarehe 7 Oktoba 1944, siku Sonderkommando walipoasi. Alipofika hapo sauti yake, iliyokuwa chini, ikapanda: ghafla tuliona dohani nne zimeshika moto, zinalipuka, watu wanakimbia. Wanahistoria walioitazama video walitikisa vichwa. Jengo lililoharibiwa na maasi yale lilikuwa moja, Tanuri namba 4. Bibi huyu, wakasema, hafai. Aliyemhoji, daktari wa magonjwa ya akili Dori Laub, yeye mwenyewe mtoto aliyenusurika, alijibu kwamba bibi hakushuhudia idadi ya dohani. Alishuhudia jambo ambalo halikuwa likiwezekana: Wayahudi wenye silaha ndani ya Auschwitz.

Ninamheshimu Laub na nusu ya hoja yake naichukua. Mfungwa wa kike aliyekuwa mbali, akiona moshi juu ya uzio na kusikia mlipuko, hakuwa mahali pa kuhesabu dohani. Alikuwa mahali pa kujua ilikuwaje kwa mtu aliyekata tamaa kuona moto ukiwageukia waliouwasha. Ukitaka kujua maasi yale yaliwafikaje wafungwa wengine, yeye ndiye chanzo na mchoro wa jengo haukusaidii. Lakini nne si moja. Tusimruhusu mtu yeyote, hata kwa upendo, aseme kwamba nne ni kweli ya aina nyingine. Wapo Wayahudi wapatao 450 wa Sonderkommando waliokufa kwa sababu ya maasi yale, na wasichana wanne walionyongwa Januari 1945 kwa kuiba baruti kiwandani. Wanastahili tuseme hasa walichokiweza: jengo moja.

Waongo wamekuwepo pia, nitawapitia haraka. Mwaka 1995 mtu aliyejiita Binjamin Wilkomirski alitoa kumbukumbu za utoto wake Majdanek na Auschwitz, akapewa tuzo. Mwaka 1998 mwandishi Daniel Ganzfried alionyesha kwamba amezaliwa Uswisi na kambi hizo hakuziona utotoni. Huko Hispania, Enric Marco aliongoza chama cha wahanga wa kambi za Wanazi hadi mwanahistoria Benito Bermejo alipomfichua mwaka 2005. Angalia nani aliwakamata. Si wakanushaji. Ni watu waliouliza swali lilelile, ulikuwa wapi siku ile, wakaenda kwenye majalada kutafuta jibu. Na mwaka 2000, jijini London, iliposikilizwa kesi ambayo mwandishi David Irving alimshitaki mwanahistoria Deborah Lipstadt kwa kumwita mkanushaji, upande wa utetezi uliamua kutomwita mnusurika hata mmoja kizimbani. Hawakutaka wazee wasulubiwe kwa maswali ya mtu yule. Nyaraka, mabaki ya majengo, maungamo ya wauaji na shuhuda zilizoandikwa zamani vilitosha, na Irving alishindwa. Wakanushaji hufuata msemo kwamba kamba hukatikia pembamba. Wanatafuta uzi mmoja dhaifu waukate. Ushahidi wa Holokosti haukusukwa kama kamba. Ni mkeka: chomoa ukindu mmoja, mkeka bado umetandikwa.

Swali hili liliwahi kuja karibu nasi zaidi. Arusha, mahakama ya kimataifa iliyoundwa baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, tarehe 2 Septemba 1998. Ndani ya hukumu hiyo majaji walitenga sehemu nzima kuzungumzia mashahidi: maswali yaliyovushwa kutoka Kinyarwanda kwenda Kifaransa na Kiingereza, kiwewe, watu wasiozoea ramani wala kupima umbali kwa mita, na desturi ya kusimulia habari uliyoipokea kana kwamba umeiona. Hawakuwakataa mashahidi kwa hayo. Waliwauliza tena, taratibu, hili uliliona au uliambiwa, na walijibu na kutofautisha vizuri. Ushahidi wa mama mmoja, aliyeeleza Januari 1997 jinsi bintiye wa miaka sita alivyobakwa, jambo ambalo hata hakuwa ameitwa kulizungumzia, ni miongoni mwa yaliyofanya hati ya mashitaka ibadilishwe, na mahakama ile ikawa ya kwanza kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Kwa kusikiliza tu, bila haraka na bila dharau.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Primo Levi, mkemia wa Italia aliyetoka Auschwitz, alifika palepale mwaka 1986 kwa njia yake: sisi tuliorudi, aliandika, si mashahidi kamili, walioshuka hadi chini hawakurudi kusimulia. Ni hoja nzito, na wako wanaume wachache walioijibu kabla haijaandikwa. Katika ardhi inayozunguka matanuri ya Birkenau watu wa Sonderkommando walizika maandishi yao. Salmen Gradowski aliyatia ya kwake katika chupa ya maji ya askari, pamoja na barua ya tarehe 6 Septemba 1944 inayomsihi atakayeiokota achimbe kila mahali, kwa kuwa mengine mengi yamefukiwa humo. Aliuawa mwezi uliofuata katika maasi. Chupa ikapatikana Machi 1945.

Marcel Nadjari, Myahudi wa Ugiriki, alizika ya kwake Novemba 1944 ndani ya chupa ya chai akiamini hatatoka. Alitoka, akafa New York mwaka 1971 bila kujua kama yalionekana. Yalifukuliwa mwaka 1980 yamelowa, wino umekimbia, na kwa miaka mingi ni kama moja ya kumi tu ya maandishi iliyosomeka, hadi picha za kidijitali zilipoyarudisha mengi yaliyobaki. Hakuandika jumla za watu pekee. Aliandika pia kitu ambacho ni mtu aliyezoa majivu kwa mikono yake tu angekijua: kwamba mwanadamu mmoja, mwisho wa yote, hubakia gramu 640 hivi.